Amri, Hali na Jina la Tendo: Uhakiki wa Nadharia ya Joseph Fletcher

Utangulizi

Mgogoro baina ya amri zisizobadilika na hukumu inayofuata hali ni mkongwe katika fikra za Kikristo. Hata hivyo, ni vitabu vichache vilivyoufikisha kwa wasomaji wa kawaida kama kile cha Joseph Fletcher, *Situation Ethics*, kilichochapishwa Marekani mwaka 1966. Fletcher (1905–1991) alikuwa kasisi wa Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani, na kwa miaka mingi alifundisha maadili katika chuo cha theolojia huko Cambridge, Massachusetts. Kitabu chake kilitoka miaka mitatu baada ya Askofu John Robinson wa Woolwich kuwashtua Waingereza kwa *Honest to God* (1963). Kwa upande wa Wakatoliki, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa: Papa Pius XII aliyakemea maadili ya hali katika hotuba ya mwaka 1952, na mwaka 1956 Ofisi Takatifu ya Roma ikapiga marufuku kufundishwa kwake. Papa John Paul II aliurudia msimamo huo kwa urefu katika waraka wake *Veritatis Splendor* wa mwaka 1993, aliposisitiza kwamba yako matendo ambayo ni maovu kwa asili yake, hata yakitendwa kwa nia gani na katika hali gani.

Wanatheolojia wamekwisha kusema mengi juu ya Fletcher, na makala haya hayakusudii kuyarudia. Tunachotaka ni kukisoma kitabu hiki kwa jicho la mwanafunzi wa lugha na fasihi. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya nguvu ya hoja za Fletcher imo katika visa anavyovisimulia, na kisa ni utanzu wa sanaa wenye kanuni zake. Pili, amri ni sentensi. Ina kitenzi, na kitenzi kina maana ambayo lazima ijulikane kabla hatujasema kwamba amri imetiiwa au imevunjwa. Dai letu ni kwamba pande zote mbili za mgogoro huu zimeharakisha kuuliza kama tendo ni halali au si halali, kabla ya kukubaliana ni tendo gani lililotendeka.

Msimamo wa Fletcher

Fletcher anatambua njia tatu za kufikia uamuzi wa kimaadili. Ya kwanza ni ya wenye kushikilia sheria, ambao huikabili kila hali wakiwa na kitabu cha kanuni mkononi. Ya pili ni ya wanaokana sheria zote, ambao huikabili hali mikono mitupu. Ya tatu, anayoitetea yeye, ni ya mtu anayeikabili hali akiwa ameziheshimu kanuni za jamii yake na za dini yake, lakini yu tayari kuziweka kando upendo ukidai hivyo. Kwake upendo, kwa maana ya agape ya Agano Jipya, ndicho kitu pekee kilicho chema kwa asili yake. Haki ni huo huo upendo uliogawanywa kwa watu wengi. Kupenda si kuona raha moyoni, bali ni kumtakia jirani mema, tukimpenda tusimpende. Tena ni lengo tu linaloweza kuihalalisha njia.

Si haki kuyabeza mafundisho haya. Fletcher aliandika dhidi ya ugumu wa moyo uliojificha nyuma ya usafi wa kanuni, na ugumu huo haukuwa wa kubuni. Isitoshe, aliona jambo ambalo kila aliyewahi kuwashauri watu analijua: kanuni mbili njema zinaweza kukutana katika mlango mmoja, na mmoja tu akapata kupita. Mtu aliyeahidi kutunza siri, kisha akaulizwa juu ya siri hiyo, amekwisha kuingia katika mgogoro huo hata kama hajasoma kitabu chochote.

Kisa kama hadithi

Hata hivyo, tuangalie namna Fletcher anavyotushawishi. Kisa chake kinachojulikana zaidi ni cha mwanamke wa Kijerumani aliyekamatwa na askari wa Kisovieti mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili alipokuwa akitafuta chakula cha wanawe, akapelekwa katika kambi huko Ukraine. Mumewe, aliyekuwa mateka wa vita huko Wales, alirudi Berlin akawakusanya watoto, nao wote wakawa wanamtafuta mama. Kule kambini mama alipata habari zao. Sheria za kambi zilimruhusu mfungwa kuondoka kwa sababu mbili tu: ugonjwa usiotibika pale, au mimba. Mwenye mimba alirudishwa Ujerumani kwa kuwa ni mzigo. Baada ya kutafakari, mwanamke alimwomba askari mmoja wa kambi ampe mimba. Akashika mimba, akaachiliwa, akapokelewa kwao kwa furaha. Mtoto alipozaliwa alipendwa kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyewarudishia mama yao.

Fletcher anakiweka kisa hiki miongoni mwa vile anavyomwachia msomaji aamue. Lakini je, kweli msomaji ameachiwa nafasi ya kuamua? Mhakiki wa hadithi ataona mambo matatu. Kwanza, msimulizi anajua mwisho wa mambo. Anajua kwamba mume hakukasirika, kwamba mtoto alipendwa, kwamba nyumba ilisimama tena. Mwanamke mwenyewe alipoamua hakujua lolote katika haya. Ikiwa wema wa tendo hutegemea matokeo, basi uamuzi wake ulikuwa kamari, na msimulizi ametuonyesha kamari iliyoshinda. Hebu tubadilishe sentensi moja tu ya mwisho, tuseme kwamba mume alimfukuza na mtoto akalelewa katika aibu. Nia ya mama itakuwa ile ile na hali ya kambi itakuwa ile ile, lakini hukumu ya wasomaji wengi itayumba. Nadharia inayodai kuhukumu kwa hali imehukumu kwa hatima ya hadithi.

Pili, yupo mhusika asiye na sauti. Askari aliyeombwa anapita kama chombo. Hatuambiwi alifikiri nini au alihatarisha nini, wala kama alijua kwamba mtoto wake atakulia mbali naye. Nadharia inayojigamba kwamba inawatanguliza watu mbele ya vitu imemfanya mtu mmoja kuwa kitu, na msomaji hashtuki kwa sababu ufundi wa kisa haukumpa nafasi ya kushtuka.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kisa kimemweka kizimbani mtu asiyestahili kuwako huko. Tunaulizwa kama mama alizini kwa haki. Hatuulizwi ni nani aliyetunga sheria ya kumfunga mama aliyekwenda kutafuta chakula. Hali imechukuliwa kama mvua au kiangazi, kitu kilichoshuka tu, ilhali hali hiyo ilitengenezwa na watu. Mwenye uwezo wa kutengeneza hali ndiye mwenye uwezo wa kuamua ni machaguo gani yatabaki mezani. Maadili yanayoanzia kwenye hali bila kuuliza nani aliiandaa yanaweza kuwa mtumishi mwema wa wenye nguvu bila kujua.

Amri kama sentensi

Tugeukie sasa upande wa pili, wa wale wanaoshikilia kwamba amri ni amri. Wao nao hudhani kwamba maana ya amri ni wazi. Chukua amri inayokataza kuua, ambayo ni ya 6 katika hesabu ya Waanglikana na ya 5 katika hesabu ya Wakatoliki. Kiebrania kina vitenzi kadhaa vyenye maana ya kuondoa uhai. Kile kilichotumika katika amri, *ratsach*, kwa kawaida hakitumiwi kwa mauaji ya vitani, wala kwa kuchinja mnyama. Kiswahili cha Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 kinatumia kitenzi -ua, ambacho ni kipana mno. Twaweza kumuua mtu, nyoka na hata mbu. Msomaji wa Kiswahili anayeisoma amri hiyo peke yake anakatazwa zaidi ya alivyokatazwa msomaji wa Kiebrania. Na kwa kuwa hawezi kuitii kwa upana huo, huanza kuipunguza kwa akili yake mwenyewe. Upunguzaji huo ni tafsiri, nao hufanywa na kila mshika amri, hata yule anayeapa kwamba hatafsiri.

Lakini Kiswahili chenyewe kinatupa dalili ya njia ya kutokea. Kitenzi -ua ni kipana, ila nomino ya mtenda, muuaji, ni finyu. Askari aliyerudi kutoka vitani aliua, lakini jirani zake hawamwiti muuaji. Vivyo hivyo, mtu aliyesema uongo mara moja kwa hofu hatumwiti mwongo mpaka tabia yake itushuhudie. Lugha yetu, kwa umbo lake, inatenganisha tendo lililotendeka na hukumu juu ya mtenda. Kitenzi kinasimulia, nomino inahukumu. Msemaji wa kawaida anajua kwamba kuvuka kutoka kwenye kitenzi kwenda kwenye nomino kunahitaji ushahidi zaidi.

Amri inayohusu uongo inaonyesha jambo hilo kwa namna nyingine. Maneno yake yanazungumzia ushahidi wa uongo juu ya jirani. Mandhari yake ni baraza la hukumu, ambapo neno moja linaweza kumwondolea mtu mali au uhai. Amri hiyo basi imekwisha kuibeba hali ndani yake. Wala Maandiko hayafichi visa vinavyowasumbua wenye msimamo mkali: wakunga wa Kiebrania walimdanganya Farao katika Kitabu cha Kutoka, na Rahabu aliwaficha wapelelezi katika Kitabu cha Yoshua kisha akawapotosha waliowatafuta.

Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, ndiye aliyeyachunguza mambo haya kwa ukali kuliko wote. Aliandika vitabu viwili juu ya uongo, kimoja yapata mwaka 395 na kingine yapata mwaka 420, na katika vyote viwili hakukubali kwamba uongo wowote ni halali. Rahabu na wakunga, alisema, walituzwa kwa huruma yao, si kwa uongo wao. Msimamo huu waweza kuonekana wa kikatili. Lakini katika kitabu cha kwanza Augustino anamtaja Firmus, askofu wa Tagaste, mji alikozaliwa Augustino mwenyewe. Firmus alimficha mtu aliyetafutwa na dola. Watumishi wa mfalme walipomjia hakuwadanganya wala hakumtoa mtu wake. Alisema waziwazi kwamba hatafanya lolote kati ya hayo mawili, akateswa, na hatimaye mfalme mwenyewe akamsamehe yule aliyefichwa.

Hapa pana jambo ambalo nadharia ya hali hulisahau. Wahenga walinena kwamba kinywa ni jumba la maneno. Jumba lina mlango, na mwenye jumba ana haki ya kuufunga. Kati ya kusema kweli na kusema uongo kuna kunyamaza, na kunyamaza mbele ya mwenye mjeledi si uoga. Hata hivyo, tukubali pia mipaka ya mfano huu. Firmus alilipa kwa mwili wake mwenyewe. Mahali ambapo kunyamaza kwa mwenye nyumba ni jibu tosha kwa muuaji aliye mlangoni, kama ilivyokuwa kwa waliowaficha jirani zao huko Rwanda mwaka 1994, atakayelipa ni aliyefichwa.

Bonhoeffer na maana ya kusema kweli

Kwa maoni yetu, aliyekaribia zaidi kulifungua fundo hili ni Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyekamatwa mwaka 1943 na kunyongwa huko Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945 kwa kushiriki njama dhidi ya Hitler. Alipokuwa gerezani Tegel alianza insha, ambayo hakuimaliza, juu ya maana ya kusema kweli. Mfano wake ni wa mtoto anayeulizwa na mwalimu mbele ya darasa zima kama ni kweli kwamba baba yake hurudi nyumbani amelewa mara kwa mara. Ni kweli, lakini mtoto anakana.

Bonhoeffer hasemi kwamba upendo umeivunja kanuni. Anasema kwamba neno lina mahali pake, na kwamba neno la nyumbani si neno la darasani. Mwalimu ameingia asikoruhusiwa kuingia. Mtoto hajakomaa kiasi cha kupata jibu ambalo lingeilinda nyumba bila kukana. Jibu lake laweza kuitwa uongo, lakini lina ukweli zaidi kuliko kama angeifichua aibu ya baba yake mbele ya wenzake. Kosa ni la mwalimu.

Tofauti kati ya Bonhoeffer na Fletcher ni kubwa, ingawa Fletcher alimhesabu kuwa mwenzake. Kwa Fletcher, hali inaingia baada ya tendo kupewa jina: huu ni uzinzi, lakini upendo unauruhusu. Kwa Bonhoeffer, hali inaingia katika kulipa tendo jina: ni nani anayeuliza, kwa haki gani, na neno hili ni la nani? Fletcher anaiacha amri ikiwa imevunjika na kumpa mvunjaji msamaha mapema. Bonhoeffer anaiacha amri ikiwa nzima na kutudai tujifunze kuisoma. Tena yeye mwenyewe, aliyeingia katika njama ya kuua, hakudai kwamba alikuwa safi. Alifundisha kwamba mwenye kuwajibika huibeba hatia yake mbele ya Mungu bila kujitetea. Katika kitabu cha Fletcher hatia hiyo haina mahali.

Mifano miwili ya Afrika

Jambo hili si la Ulaya na Marekani tu. Kwa karne moja Waanglikana wa Afrika waliishi chini ya azimio la Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1888, lililoamuru kwamba mume mwenye wake wengi asibatizwe, bali awekwe katika mafundisho hadi atakapoweza kuikubali sheria ya Kristo. Wake zake waliweza kubatizwa katika baadhi ya mazingira. Kwa wengi maana yake ilikuwa moja: waache wengine, ubaki na mmoja. Askofu Colenso wa Natal alikuwa amekwisha kupinga jambo hili katika miaka ya 1850. Hoja yake haikuwa kwamba mitara ni mizuri, bali kwamba kuwafukuza wake walioolewa kwa haki ya mila yao ni ukatili, na kwamba talaka ndiyo hasa aliyoikataza Bwana.

Angalia jinsi jina la tendo lilivyofanya kazi. Katika daftari la kanisa, mwanamume alikuwa amerekebisha ndoa yake. Katika kinywa cha mke wa pili, aliyerudishwa kwao pamoja na watoto wasiojua watamwita nani baba, alikuwa amepewa talaka. Majina yote mawili yalihusu tendo moja, na kwa muda mrefu kanisa lilisikia moja tu. Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1988 uliyasikia yote mawili. Azimio lake la 26 lilikubali kwamba mume wa mitara aweza kubatizwa pamoja na wake zake walioamini na watoto wao, akiahidi kutooa tena maadamu wake hao wangali hai. Na asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya madhara yatakayompata mwanamke huyo katika jamii. Ndoa ya mke mmoja ilibaki kuwa mpango wa Mungu kwa mujibu wa azimio hilo. Kilichobadilika ni kwamba tendo la kuwaacha liliitwa kwa jina lake.

Mfano wa pili unaelekea upande mwingine. Hali ya Hatari ilipotangazwa nchini Kenya mwezi wa Oktoba 1952, Wakristo wa Uamsho, vuguvugu lililoanzia Gahini, Rwanda katika miaka ya 1930, walijikuta katikati ya moto. Wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau. Wengi wao pia walikataa kubeba silaha katika kikosi cha Home Guard kilichoundwa na serikali. Wapo waliouawa. Kila upande uliwaambia kwamba hali inadai. Kila upande ulikuwa na kisa chake na ulijua mwisho wa kisa hicho. Wao walikuwa na amri tu. Twaweza kusema, na ni haki kusema, kwamba kukataa kwao hakukujibu swali la ardhi iliyonyang'anywa, wala hakukumtoa mtu yeyote kizuizini. Lakini mwanakijiji asiye na bunduki wala ofisi, asiyeweza kuitengeneza hali wala kuisimulia, ana ngao gani nyingine isipokuwa neno asilokubali kulibadilisha? Kwa mnyonge, amri isiyobadilika yaweza kuwa mali pekee ambayo mwenye nguvu hawezi kuitaifisha.

Hitimisho

Yaweza kuulizwa kama hatujaishia pale pale alipo Fletcher kwa njia ndefu zaidi, kwani anayelibadilisha jina la tendo aweza kuhalalisha chochote. Hatari hiyo ipo. Tunajua namna mauaji yanavyoitwa usafi, na rushwa inavyoitwa chai. Ndiyo maana kazi ya kulipa tendo jina haiwezi kuachiwa mtendaji peke yake, wala msimulizi peke yake. Kipimo tunachopendekeza ni hiki: jina la tendo ni halali pale tu yule aliyetendewa anapoweza kulitambua. Mke aliyeachwa hakulitambua neno marekebisho. Mtoto wa Bonhoeffer, akikua, angelitambua neno ulinzi. Askari wa kambi ya Ukraine hatukumsikia, na kwa hiyo kisa chake bado hakijakwisha.

Methali zetu zimekuwa zikifundisha jambo kama hili kwa muda mrefu. Tunaambiwa kwamba haraka haraka haina baraka, na papo hapo kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenye busara ndiye ajuaye ni ipi itumike leo. Lakini katika hazina hiyo yote inayopingana na kujirekebisha, hatujui methali inayomsifu mtu aliyemuuza mgeni aliyekuja kujificha kwake. Hekima inayoelewa hali kiasi hicho imejua pia mahali pa kusimama. Wanaofundisha maadili katika vyuo vyetu, na wanaotafsiri vitabu vyake kwa Kiswahili, wanayo kazi ya kuchunguza vitenzi vyao kwa makini kabla ya kutangaza ni nani aliyeshinda katika mgogoro huu.